Muulize Fundi: Saa moja bei ya bodaboda nane, kuna nini humo ndani?

Mwangaluka wasomaji wa Kanda ya Ziwa, na nyie mlioko mbali pia. Kawaida ukurasa huu ni wa redio zinazokoroma na feni zilizogoma, ila mwezi huu sijui kumetokea nini, barua tano na zote za saa. Nimefurahi kwelikweli maana kabla sijaanza kuandika hapa nilikaa miaka mingi kwenye kimeza cha kioo pale Makoroboi, Mwanza mjini, na lenzi jichoni, mpaka leo jicho la kulia linajikunja lenyewe nikisoma gazeti. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sana, hizo nyingine nimepita haraka, mtanisamehe.

*Fundi shikamoo. Mi ni dereva wa daladala, naishi Buzuruga. Binamu yangu yuko Pennsylvania huko Marekani, kanitumia picha ya saa ya mkononi anasema imetengenezwa jirani na anapoishi, sio kampuni kubwa, ni karakana tu ya watu wachache, na kazi ya kuinakshi wanafanya kwa mkono. Bei dola elfu kumi na kitu! Nimepiga hesabu ni milioni 25 na ushee, yaani bodaboda mpya nane. Afu haina betri, inatiwa ufunguo kama ile ya marehemu babu. Simu yangu ya laki mbili inaonyesha saa sahihi kuliko hiyo. Sasa nauliza, hao watu ni wezi au mi ndo sielewi? Na kwani saa zinatengenezwa Marekani? Si zote zinatoka Uswisi na China?*

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hilo la simu, hapo uko sahihi asilimia mia na asitokee mtu wa kukubishia. Saa ya betri ina kipande kidogo cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, Wajapani wa Seiko ndo walioingiza sokoni ya kwanza ya mkononi Desemba 1969, na siku hizi hata ile ya elfu kumi na tano pale Mlango Mmoja inakosea labda sekunde kumi na tano kwa mwezi mzima. Saa ya springi inapiga mara tano, sita au nane kwa sekunde basi, ndo ule mlio unaousikia ukiilalia, na ikikosea sekunde kumi kwa siku sisi mafundi tunaisifia. Na si sifa ya bure, siku ina sekunde 86,400, kukosea kumi ni sawa na kutembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Usagara afu ukapitiliza kituo kwa hatua tatu. Lakini kwatzi inaishinda, hilo halina mjadala, kwahiyo muuzaji akikwambia lipa milioni 25 ili usichelewe kazini, huyo ndo mwizi, kimbia.

Swali la pili, Marekani. Hapa watu wengi wanachanganya. Ukirudi nyuma karne na nusu hivi, Mmarekani ndo alikuwa tishio na Mswisi ndo alikuwa anatetemeka. Bwana Aaron Dennison na wenzake walianza kazi Massachusetts mwaka 1850, baadaye wakahamia mji wa Waltham, na wazo lao lilikuwa moja tu, vipande vya saa vitoke kwenye mashine vikiwa sawasawa ili kikiharibika kimoja uchukue kingine utumbukize na saa itembee. Leo unaona ni jambo la kawaida, siku zile kila saa ilikuwa inakwanguliwa na fundi mpaka vipande vikubaliane, cha saa hii hakiingii kwenye saa ile. Mwaka 1876 kulikuwa na maonyesho makubwa Philadelphia, Waswisi wakamtuma mtu wao, Jacques David, akazunguka viwandani akarudi kwao na ripoti ya kutisha, ujumbe wake kwa kifupi, tubadilike au tumekwisha. Wakabadilika. Mengine mnayajua.

Kule Pennsylvania kwa binamu yako kuna mji unaitwa Lancaster, ndo ilipokuwa Hamilton, iliyoanza 1892, saa zake zilivaliwa na watu wa reli na baadaye wanajeshi. Mwaka 1969 ikaacha kutengeneza saa hapo Lancaster, jina likaenda Uswisi na mpaka leo liko huko. Waltham walishafunga 1957. Yaani ni kama wale mliokulia jirani na viwanda vya zamani hapa kwetu, king'ora kinakatika siku moja, majengo yanabaki, na wale wazee waliokuwa wanajua mashine ipi inasumbua wakati wa masika wanazeeka nyumbani na ujuzi wao.

Sasa hiyo karakana ya picha yako, kwa maelezo ya binamu yako naona ni RGM, ya bwana Roland Murphy. Huyu alisomea saa hapohapo Lancaster, akaenda kuongeza Uswisi, akafanya kazi Hamilton hiyohiyo ikiwa tayari iko mikononi mwa Waswisi, afu 1992 akaamua kujiajiri. Alianza kama fundi yeyote anavyoanza, kutengeneza saa za watu. Mwaka 2007 ndo akatoa mashine yake mwenyewe, yaani ule mtambo wa ndani unaoendesha saa, akauita Kaliba 801, na 2010 akatoa tubiloni, hiyo ni ile ambayo moyo mzima wa saa unazungushwa ndani ya kizimba chake, kazi ngumu sana. Hesabu vizuri hapo, kuanzia kufungua duka mpaka kutoa mashine yake mwenyewe ni miaka kumi na tano. Kwa mwaka wanatoa saa mamia machache tu. Na hayuko peke yake, kuna kijana Cameron Weiss alianza Los Angeles 2013 baadaye akahamia Nashville, saa zake za mwanzo zilikuwa bei ya chini kidogo ya dola elfu moja, na kuna Joshua Shapiro wa Los Angeles nitamtaja tena huko chini.

Haya, bodaboda nane zimeingiaje kwenye saa moja. Ukifungua mgongo wa saa unakuta vibati vinavyoshikilia magurudumu, sisi tunaviita madaraja, na kweli ni kama daraja la Kigongo–Busisi, limekaa juu na chini yake mambo yanapita. Mashine inakata daraja hilo kwa dakika chache na linafanya kazi vizuri tu. Saa inatembea, inaonyesha muda, mambo yameisha. Wengine wanaishia hapo na hawajakosea. Ila ukingo wa hicho kibati umebaki mkali na una vinyuzi vya chuma, zamani hivyo vilikuwa vinaweza kukatika vikaingia kwenye meno, ndo maana mafundi walianza kulaza ule ukingo kwa tupa, mteremko wa nyuzi 45 hivi, afu wanausugua kwa kijiti na unga laini mpaka unang'aa kama kioo. Siku hizi mashine inakata safi lakini ile kazi ya ukingo imebaki kama heshima. Na hapa nakupa siri ambayo itakusaidia hata ukionyeshwa saa ya mtu yeyote: angalia pembe ya ndani. Yaani pale ambapo miteremko miwili inakutana kwa kuingia ndani, kama kona ya chumba. Mashine ina kisu cha mviringo kinachozunguka, haiwezi kufika mpaka mwisho wa kona, itaacha duara dogo. Kona ikiwa kali imechongoka kama kisu, hapo ameingia mtu na mkono wake, na akiteleza mara moja tu kibati kizima ni chakavu.

Kuna nyingine wanaita kung'arisha nyeusi. Unachukua kichwa cha skrubu, unakisugua juu ya bati laini la stani lenye mafuta ya almasi, taratibu, mpaka kinakuwa bapa kabisa. Ukikiinamisha kwenye taa kinakuwa cheusi tii, ukigeuza kidogo tu kinawaka cheupe, hakuna kijivu katikati. Kijivu kikiwepo maana yake bado. Mi nilishawahi kujaribu kwa kichwa cha skrubu moja tu, nilianza baada ya kula mchana na jioni mke wangu anapiga simu niko wapi, na kijivu kipo.

Skrubu za bluu ndo usiseme. Wengi wanadhani imepakwa rangi, hapana, ni chuma kimepashwa moto, kikifika nyuzi mia tatu hivi za Selsiasi ngozi yake inabadilika rangi yenyewe. Nikaona hili naliweza. Nikaenda kwa jamaa mchonga funguo nikaomba vumbi la shaba nyeupe linalodondoka kwenye mashine yake, nikaliweka kwenye kifuniko cha kopo, kopo juu ya jiko la mkaa, skrubu nimezichomeka humo zimesimama. Ikaanza rangi ya majani makavu, ikaja kahawia, ikaja zambarau, afu bluu kama ziwa saa sita mchana ukiwa Capri Point, nikasema nooo hii ndo yenyewe, nageuka kuchukua kibanio, narudi imeshakuwa kijivu. Imepita. Sekunde chache tu hizo. Katika skrubu sita nilipata mbili, na hizo mbili hazifanani. Karakana ya kweli inataka zote za saa moja zifanane, kwahiyo fundi anakaa pale anaangalia moja moja, na isiyofanana inarudishwa kusuguliwa ianze upya.

Afu kuna uso wa saa, ile michoro ya mawimbi kama mkeka uliosukwa. Murphy anatumia mashine za kale za kuzungushwa kwa mkono, wenyewe wanaziita rozi enjini, mkono mmoja unazungusha, mwingine unasukuma kisu, mstari mmoja baada ya mwingine. Ukikosea mstari wa mwisho umetupa uso wote. Uso wa bei rahisi unagongwa kwa muhuri mara moja, pah, na ukiutazama kwa lenzi utaona kingo zake zimelegea kama maandishi kwenye sabuni iliyotumika, wakati ule wa kukatwa kila mfereji unameta kivyake. Lenzi ya elfu tano inakuonyesha hayo yote.

Sasa jumlisha mwenyewe. Mashine moja ya saa ya kawaida kabisa ina vipande zaidi ya mia. Kila kimoja kikae mbele ya binadamu anayelipwa mshahara wa Marekani, anayelipa kodi ya nyumba ya Marekani, na ambaye hawezi kuharakishwa. Hizo bodaboda nane nyingi zimeishia kwenye mkono wa mtu, dhahabu haina sehemu kubwa humo, saa nyingi za hivyo ni chuma tu.

Ila nisiwe kama nimelipwa kuwasifia. Kuna kitu lazima ukijue. Hata hawa waaminifu hawatengenezi kila kitu. Ile springi ya unywele kwenye balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huku kupiga mapigo ya saa, mawe ya rubi yanayoshikilia ekseli, springi kubwa ya nguvu, hivi karibu kila mtu ananunua, hata Waswisi wakubwa wananunua springi ya unywele kutoka kwa kampuni moja inaitwa Nivarox. Na RGM yenyewe ina saa nyingine ambazo ndani ni mashine ya Uswisi, bei yake iko chini, na hawafichi. Kwenye sheria ndo kunachekesha, Marekani tume yao ya biashara inasema ukiandika imetengenezwa Marekani lazima iwe yote au karibu yote, Uswisi wao tangu 2017 wanataka asilimia 60 tu ya gharama za utengenezaji iwe ya kwao. Kwahiyo saa ya Mmarekani yenye kazi nyingi ya mkono inaweza isiruhusiwe kuandikwa jina la nchi yake, na ya Mswisi yenye vipande vingi vya kuagiza ikaandikwa bila wasiwasi. Ndo maana mi huwa siulizi kama saa ni orijino, hilo neno limeshachakaa, hata wanaouza feki wanalitumia. Nauliza, wewe uliyeweka jina lako hapo kwenye uso, ni kipi ulichokifanya kwa mkono wako na kipi ulinunua? Anayejibu bila kukwepa huyo ni fundi, hata kama alichofanya ni kidogo. Anayeanza kukupa hadithi za urithi wa mababu, funga mkoba.

Wezi basi? Mi nasema sio wezi. Mimi mwenyewe nikipata milioni 25 siinunui, nina paa la kumalizia Igoma na mtoto yuko chuo. Ila mwambie binamu yako akipata nafasi apige picha ya mgongo wa hiyo saa kwa karibu, pembe za ndani, anitumie.

*Habari fundi. Babu yangu alifanya kazi reli, alistaafu ikiwa bado ya Afrika Mashariki. Ameacha saa ya mfukoni ya rangi ya dhahabu imeandikwa Waltham. Kuna mtu wa kununua dhahabu ameniambia ataipima kwa gramu. Niuze? Na kwanza niisafishe kwa dawa ya meno ing'ae? – Mwalimu, Magu*

Mwalimu, usiiuze, na hiyo dawa ya meno iache kwa meno. Fungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, sio kisu, ndani ya mashine yenyewe kuna namba, hiyo ndo inakwambia ilitengenezwa mwaka gani, orodha za Waltham zipo mtandaoni bure. Namba ya kwenye kava haina maana, kava zilitengenezwa na watu wengine na zilibadilishwa kama nguo. Angalia pia kama kava imeandikwa miaka 20 au miaka 25. Ikiwa imeandikwa hivyo basi hiyo sio dhahabu tupu, ni bati la dhahabu juu ya chuma kingine na hiyo miaka ni dhamana kwamba haitachubuka mapema, kwahiyo huyo mpima gramu wako akifika nyumbani atalia, au anajua na wewe ndo utalia.

Ila mwalimu ungejua saa ya reli ilivyokuwa na uzito. Aprili 1891, mji wa Kipton, Ohio, treni mbili ziligongana na watu wakafa, na chanzo kikuu kilichotajwa ni saa ya dereva iliyosimama dakika nne afu ikaendelea, yeye hajui. Dakika nne! Baada ya hapo wenye reli wakamwita sonara mmoja, Webb Ball, aweke utaratibu wa kukagua saa za wafanyakazi, isizidi kukosea sekunde 30 kwa wiki, namba kubwa za kusomeka, na ikaguliwe mara kwa mara. Reli yetu ilifika Mwanza 1928 na wazee wa reli mliowafahamu mnajua walivyokuwa, anaitoa mfukoni anaitazama anairudisha, hata kama treni haipo. Babu yako ndo alikuwa wale. Usiitie ufunguo kwanza, mafuta yake yameshakuwa gundi na chuma kitakula chuma. Itafutie fundi aifungue, aioshe, aitie mafuta upya.

*Fundi mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, saa yangu imeandikwa haiingii maji mita 30 lakini ndani ya kioo kuna ukungu. Nimeiweka kwenye mchele siku ya tatu haijapona.*

Mama, itoe kwenye mchele na huo mchele upike. Hizo mita 30 ni kipimo cha presha wakiwa wameitulizia kwenye mtambo, ikiwa mpya, sio kwamba unaweza kuogelea nayo, kwa lugha ya Mwaloni ni matone ya kunawa mikono basi. Wewe unaanika dagaa juani, saa inapata moto, afu unatumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji ya baridi, hewa ya ndani inajikunja na inavuta maji kupitia ringi ya mpira iliyochoka. Ipeleke kwa fundi leo, sio kesho, ifunguliwe ikaushwe, chuma laini cha ndani kinaanza kutu ndani ya siku chache. Mwambie abadilishe na ringi. Ni gharama ndogo.

*Bro saa yangu ya automatiki ilikuwa poa tu, ghafla wiki hii inakimbia dakika ishirini kwa siku. Nimekaa nayo mwaka, sijaidondosha. – DJ, Nyegezi*

Umejiandika DJ afu unaniuliza? Unailaza juu ya spika. Spika ina sumaku, springi ya unywele imepata sumaku, mizunguko yake inagandana, inakuwa kama springi imefupishwa na fupi inatetema haraka. Chukua dira, hata ya kwenye simu, sogeza saa, mshale ukicheza basi ndo hivyo. Kuna kikifaa cha kuondoa sumaku, sekunde kumi kazi imeisha, fundi mwenye aibu hatakutoza hata mia. Usikubali mtu akufungulie saa na kukuuzia mashine mpya kwa tatizo hili, nimeshaona inafanyika.

*Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa miaka 20, nipo VETA nasoma umeme lakini napenda sana saa. Nyumbani wananiambia ufundi saa umekufa, simu zimeua. Nawezaje kuanza na nani atanifundisha?*

Marahaba binti. Wabeja kwa kuandika, barua yako nimeisoma mara tatu. Nyumbani hawajadanganya, pale Makoroboi tulikuwa meza nyingi, waliobaki wengi wanabadilisha betri na mikanda. Lakini saa za springi bado zipo kwenye makabati ya watu, na wa kuzifungua ndo wanapungua, we fikiria hapo nani atakuwa na kazi.

Yule Shapiro niliyemtaja alikuwa mwalimu wa historia shuleni. Hakuzaliwa kwenye ukoo wa saa. Alijifunza kuchora nyuso za saa kwa mashine za kale huku anaendelea kufundisha, mwaka 2018 akatoa saa zake za kwanza, na 2023 akatoa nyingine ambayo karibu vipande vyote vimetengenezwa hukohuko Marekani, isipokuwa vichache kama springi. Mwalimu wa historia huyo. Wewe una umeme tayari, mkono wako umeshazoea vitu vidogo.

Usinunue vifaa vingi. Bisibisi tatu nzuri ni bora kuliko seti ya ishirini ya bati laini, ncha ikijipinda inaharibu skrubu na mteja anaona. Kibanio kimoja kigumu, lenzi moja, kitambaa cheupe mezani. Mashine ya kujifunzia tafuta kubwa, ile ya saa ya mfukoni ya Kichina iliyonakiliwa kwenye mashine ya Uswisi inayoitwa Unitas, inapatikana kwa bei ya kawaida, ni kubwa mpaka unaona kila kitu kinachofanyika. Ifungue, piga picha kila hatua, ifunge. Mara kumi. Mara ya kumi na moja ifunge bila picha. Mafuta ni tone dogo kuliko unavyodhani, mi saa yangu ya kwanza ya mteja niliimwagia kama nakaanga sambusa, ikatembea siku mbili ikasimama, nikamrudishia hela yake na nikamwomba radhi mbele ya watu.

Na springi zitaruka. Kuna siku moja iliniruka kibanioni ikaenda mpaka barabarani, nikafagia nusu ya mtaa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nikapata misumari, pini, vifuniko vya soda, na funguo ya mtu, springi sikuiona. Jioni navua shati nyumbani ikadondoka kutoka kwenye kola. Kwahiyo anza kwa kufunika mapaja kwa kitambaa, na kabla hujafagia, jipapase.

Mwalimu wa kukufundisha, mhariri ana namba yangu, muulize. Jumamosi nipo kuanzia saa tatu asubuhi, na ukifika nitakupa saa uirekebishe iendane na ya ukutani ndo tuanze. Uje na kibanio chako, changu siazimi.